Stempu ya Bushire 1915: Uajemi si ilikuwa nchi huru? Mwingereza aliingiaje hapo?

mjukuu_wa_karani
Assalam aleikum wadau na hamjambo nyote. Jana tulikuwa twafungua sanduku la marehemu babu huku Kibokoni, babu alikuwa karani wa majahazi pale bandari ya kale, na mule ndani mna tasbihi, risiti za tende chungu nzima na kitabu cha stempu. Nyingi nazijua, za Zanzibar, za India, za huku kwetu zenye kichwa cha King George. Lakini iko moja imenikaa kichwani toka jana, ina picha ya mfalme kijana wa Kiajemi amevaa kofia, maandishi ya Kiajemi na Kifaransa, halafu juu yake imegongwa chapa nyeusi ya Kiingereza yasema Bushire, ile bandari ya kusini mwa Uajemi, imekaliwa na Waingereza. Sasa mimi shuleni nilifunzwa Uajemi, Iran ya leo, haikuwahi kuwa koloni la mtu na vita vya kwanza haikuwamo kabisa. Huyu Mwingereza aligongaje muhuri stempu za wenyewe? Na kama mji alishaushika, nani alikuwa liwali, nani polisi, nani akikusanya forodha? Natanguliza shukrani. Na wale wa "uza nikununulie" inbox ngojeni kwanza.

Mzee_wa_Kuze
Waaleikum salaam mwanangu. Ulifunzwa sawa, Uajemi haikuwa koloni, na Novemba 1914 ilitangaza haiko upande wowote. Ila sisi watu wa Mombasa si wa kushangaa hayo. Hapa bendera nyekundu ya Sultani ilipepea mpaka 1963, liwali yuko, kadhi yuko, mudiri yuko, lakini ukitaka kujua mwenye mji ni nani wewe tizama tu asubuhi nani yuwaenda kumwamkia nani. Kusini mwa Uajemi mchezo ulikuwa huo huo, tofauti yake wenyewe hawakutia sahihi popote.

Anzia 1907. Mwingereza na Mrusi walikaa wakaigawa ile nchi kwa ramani, kaskazini ya Mrusi, kusini mashariki toka Kerman kushuka Bandar Abbas ya Mwingereza, katikati haina mwenyewe, na Waajemi hawakuulizwa chochote. Bushire na Shiraz zikabaki humo katikati. Mwaka mmoja tu baadaye, 1908, mafuta yakatoka Masjed Soleyman, nayo pia iko hiyo hiyo sehemu isiyo na mwenyewe! 1914 serikali ya London ikanunua hisa nyingi kuliko wote kwenye kampuni ya mafuta hayo kwa sababu manowari zilikuwa zaacha makaa ya mawe zaingia mafuta, halafu Machi 1915 kwa siri Mrusi akaahidiwa Istanbul na Mwingereza akaachiwa ile katikati. Ndio ujue stempu yako haikutoka hewani.

Na Bushire penyewe Mwingereza alikuwa amekaa zamani sana. Palikuwa na ofisa wao wakimwita rezidenti, Percy Cox ndiye mwenye jina kubwa, bosi wake alikuwa serikali ya India. Waya wa simu ya maandishi ulitoka hapo kwenda Shiraz mpaka Tehran, wakiuendesha wao. Posta ya India ilifunguliwa hapo 1864, yaani watu wakibandika stempu za India kwenye bandari ya Shah, mfalme wa Uajemi, kama vile wako Bombay. Forodha ilishikwa na Wabelgiji walioajiriwa na Shah, na mapato ya forodha za kusini yalikuwa rehani ya mikopo ya Waingereza. Sasa hapo liwali wa Kiajemi amebakiwa na nini, kiti na sharubati.

Tatizo lao kubwa halikuwa hata Waajemi, lilikuwa wao kwa wao. Balozi wa Tehran anajibu London, rezidenti wa Bushire anajibu India. Chungu kimoja mafiga mbalimbali. Yule wa Tehran anataka kumbembeleza Shah asiegemee kwa Mjerumani, huyu wa pwani anataka bandari itulie leo hii na hana haja na barua za adabu.

kizingo_boy
Mzee umemwaga lakini hujajibu stempu 😂

Mzee_wa_Kuze
Pole pole we kijana, chai haijapoa. Nyuma ya Bushire wako Watangistani, watu wa mitende na bunduki, na mkuu wao mmoja Rais Ali Delvari. Mjerumani Wassmuss, aliyewahi kuwa konsuli hapo hapo Bushire, alikuwa yuawachochea Watangistani wawafukuze Waingereza. Tarehe 12 Julai 1915 wakashambulia, maofisa wawili wa Kiingereza wakauawa. Tarehe 8 Agosti jeshi likashika mji mzima, liwali nje, posta na forodha wakachukua wao. Na posta kulikuwa na shehena ya stempu za Ahmad Shah, ndiye huyo mfalme kijana wako, sasa wafanye nini, wakazigonga chapa wakaziuza. Manowari zikapiga kijiji cha Delvar, Rais Ali akauawa Septemba, na Oktoba mji ukarudishwa kwa Waajemi. Kwa hivyo hizo stempu zilitumika miezi kama miwili tu basi.

kaskazi_na_kusi
Naongeza kidogo kwa sababu aliyeuliza kauliza habari ya mkoa, na Bushire ni mlango tu, mkoa wenyewe ni Fars na makao yake Shiraz. Na hapo ndipo Mwingereza aliaibika kweli. Barabara ya kwenda juu ililindwa na jandarmeri, askari wa Kiajemi chini ya maofisa wa Uswidi, na wengi wao walikuwa wampenda Mjerumani. Novemba 1915 hao hao askari wa serikali wakamkamata konsuli wa Kiingereza Shiraz, Frederick O'Connor, na Waingereza wote wa mji, wakina mama wakaachiwa washuke Bushire, wanaume wakafungwa kwenye ngome ya Ahram kwa Watangistani mpaka Agosti 1916. Fikirieni, dola yenye nusu ya bahari duniani na konsuli wake yuko ndani ahesabu mitende!

Baada ya hapo wakabadili mbinu. Machi 1916 ofisa wa Kiingereza Percy Sykes akashuka Bandar Abbas na maofisa wachache na kikosi kidogo, akaanza kuandikisha Waajemi, jeshi likaitwa South Persia Rifles, akapita Kerman, Yazd, Isfahan akaingia Shiraz Novemba. Mkubwa Mwingereza, askari Mwajemi, mshahara kutoka London na India. Na liwali akaletwa Farman Farma, mwana wa ukoo wa kifalme, mtu wa kujua upepo, na fungu lake la Mwingereza alipata. Yeye ndiye mwenye barua, ndiye mwenye kodi, ndiye anayezungumza na wakuu wa makabila, lakini bunduki ni za Sykes. Kwangu mimi huo ndio utawala wenyewe na ile stempu ilikuwa kosa. Stempu yasema wazi "tumekalia", ndio maana ikadumu miezi miwili. Farman Farma hakugongwa chapa usoni, akakaa Fars mpaka 1920.

Mzee_wa_Kuze
Hapo kwenye "kosa" nakupa. Ila usiwafanye Waajemi wote vibaraka. Serikali moja ya Tehran ililitambua lile jeshi 1917, iliyofuata ikasema hili ni jeshi la kigeni hatulitaki, na askari walisikia. 1918 Waqashqai, kabila la wafugaji wa Fars, na mkuu wao Solat al-Dowleh wakauzunguka Shiraz, na wale Rifles wengine wakatoroka, wengine wakawageuzia maofisa wao. Kilichowatawanya wote mwisho ni ile homa ya mafua ya 1918, ikaingia mahemani na mjini haichagui kabila wala cheo. Jeshi likavunjwa 1921.

bint_mvita
Nyinyi wanaume mwahesabu maofisa wawili waliouawa, na njaa ya 1917 mpaka 1919 mbona hamjaitaja? Nimesoma mahali ati walikufa watu milioni kumi.

kaskazi_na_kusi
Dada una haki tuliiruka. Lakini hiyo milioni kumi ishike kwa tahadhari, nchi nzima wengi wanaikadiria ilikuwa na watu kama milioni kumi hivi, wangebaki nani? Wanahistoria wavutana vibaya juu ya hesabu. Njaa yenyewe haina ubishi, mvua ilikosekana, majeshi ya Mrusi, Mturuki na Mwingereza yakinunua au kubeba nafaka na wanyama wa mizigo, na wenye maghala wakafunga milango wangoje bei. Watu walikufa kwa malaki.

bint_mvita
Haya sawa. Nilikuwa nafikiria tu, 1914 hapa nyuma yetu Wagiriama walichomewa vijiji kwa kukataa kutoa vijana na kuhama ardhi, na Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza, walishamhamisha mbali. Mwaka mmoja baadaye Delvar. Labda karani ni yule yule alihamishwa kituo 🙄

kizingo_boy
😂😂 Na vita vya pili je, si waliingia tena?

Mzee_wa_Kuze
Waliingia, Agosti 1941 pamoja na Mrusi, Reza Shah akaondolewa, wakampeleka Mauritius halafu Johannesburg akafia huko 1944. Safari hii walitia sahihi mkataba, Januari 1942, kwamba wataondoka miezi sita baada ya vita. Lakini tabia haikufa, mkuu wa jeshi wa Isfahan, Jenerali Zahedi, walimshuku apika njama na Wajerumani, mwisho wa 1942 ofisa mmoja Fitzroy Maclean akaenda kwake kama mgeni wa kunywa chai, akamwelekezea bastola, wakamtia garini mpaka Palestina. Huyo huyo 1953 akawa waziri mkuu kwa msaada wa nani, hiyo tufungue uzi mwingine.

posta_ya_zamani
Nimechelewa, na nyote mmesahau mfano wa jirani. Mafia hapo chini, Mwingereza aliishika Januari 1915 na stempu zikagongwa chapa vile vile. Sasa mjukuu, mimi nakusanya miaka mingi, nikwambie ukweli usikasirike: chapa ya Bushire ni katika zilizoghushiwa sana, kwa sababu stempu ya kawaida ya Ahmad Shah ni rahisi na ukiigonga tu yapanda bei. Tizama kwa lenzi. Ina muhuri wa posta? Tarehe iko kati ya Agosti na Oktoba 1915? Na huo muhuri wa posta umepita juu ya ile chapa au chini yake?

mjukuu_wa_karani
Nimechukua lenzi ya mama ya kusomea msahafu nikaangalia. Haina muhuri wowote, ni safi kabisa na gundi nyuma bado iko.

posta_ya_zamani
Mmh. Safi kabisa ndiyo inayonitia wasiwasi. Usiuze na usitupe, na kama kuna bahasha yenye barua mule sandukuni hiyo ndiyo unionyeshe kwanza.

mjukuu_wa_karani
Bahasha hakuna. Nimemuuliza mama, asema babu hiyo alipewa na nahodha mmoja wa Ghuba aliyeshindwa kulipa pesa ya kuli wa kushusha tende, akamwambia karani shika hii ina thamani kuliko deni langu, msimu ukageuka akatweka. Na nyuma ya ukurasa nimeona babu kaandika kwa penseli "shilingi 40, bado".