Flask ipo kwenye laptopu, seva inasema "No module named 'flask'", msaada wakuu

binti_newala
Habari za jioni wakuu. Niko Newala, natengeneza mfumo mdogo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kwetu kijijini, karani akipima korosho anaingiza jina la mkulima, kilo na daraja, mkulima anapata risiti yake na mwisho wa siku jumla inajitokeza yenyewe kabla mzigo haujaenda ghala kuu. Sasa hivi yote hayo yanaandikwa kwenye daftari na mnada ukishapita watu wanabishana kilo mpaka wanakosana, ndo maana nataka hiki kitu kifanye kazi kabla msimu haujafunguliwa Oktoba.

Kwenye laptopu yangu ya Windows kila kitu kinaenda. Nimepandisha kwenye seva ya Ubuntu 24.04, nikatengeneza venv (folda ya pembeni ya paketi za Python za mradi huu tu), nikainstoli Flask (paketi ya Python ya kutengeneza tovuti) kwa pip, kiinstoli cha Python, halafu gunicorn (programu inayoendesha mfumo kwenye seva) nikaiinstoli kwa apt, kiinstoli cha Ubuntu yenyewe. Nikiwasha sevisi inakufa papo hapo, hiki ndo kipande cha mwisho cha kosa:

```
  File "/usr/lib/python3/dist-packages/gunicorn/util.py", line 371, in import_app
    mod = importlib.import_module(module)
  ...
  File "/home/korosho/mradi/wsgi.py", line 1, in <module>
    from flask import Flask
ModuleNotFoundError: No module named 'flask'
```

Nikirudia pip install flask inaniambia Requirement already satisfied. Sasa ipo au haipo? Nimeifuta nikaiweka upya bado vilevile.

kijana_wa_shangani
Pole dada. Piga `sudo pip install flask --break-system-packages` itakubali, mimi huku Mtwara mjini ndo nafanyaga hivyo.

fundi_nachingwea
@kijana_wa_shangani hapana mkuu, usimpe hiyo. Hilo neno break halijawekwa pale kama pambo, Ubuntu yenyewe inatumia hiyo Python kwa kazi zake, siku ukigonganisha matoleo ya paketi utakuta programu za mfumo zenyewe zinagoma na hujui umeharibu wapi. Na hata ikikubali leo, tatizo la dada litakuwa limefunikwa tu.

@binti_newala usiinstoli kitu tena kwanza, soma hilo kosa kuanzia juu. Umeona mstari wa kwanza, `/usr/lib/python3/dist-packages/gunicorn`? Hiyo dist-packages ndo sehemu apt inapoweka vitu vyake. Sasa piga tena pip install flask uangalie mwisho wa ule mstari wa already satisfied, bila shaka utakuta njia ya `/home/korosho/mradi/venv/lib/python3.12/site-packages`. Hizo ni Python mbili tofauti. Umepeleka magunia ghala la Newala halafu unaenda kuyadai ghala la Masasi, karani wa Masasi akikwambia hayapo hajadanganya.

Watu wengi wanadhani uki-activate venv basi seva nzima imejua. Activate inabadilisha PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) ya terminali uliyoifungua tu, systemd, ndo inayowasha sevisi za seva, haihusiki na terminali yako hata kidogo, yenyewe inasoma ExecStart, mstari wa amri ya kuwasha, ulivyoiandika. Kwa hiyo instoli gunicorn humohumo ndani ya venv, tena kwa `python -m pip install gunicorn` ili uwe na uhakika pip ni ya Python ipi, halafu kwenye faili la sevisi weka:

```
WorkingDirectory=/home/korosho/mradi
ExecStart=/home/korosho/mradi/venv/bin/gunicorn wsgi:app
```

Hiyo WorkingDirectory usiisahau, ukiiacha systemd inaanzia kwenye `/` na utaletewa No module named 'wsgi'. Kisha `systemctl daemon-reload` na restart. Ukitaka kuona kwa macho yako weka juu kabisa ya wsgi.py `import sys` na chini yake `print(sys.executable, sys.path, file=sys.stderr)`, halafu soma kumbukumbu za sevisi kwa journalctl. Python iliyokwama ndo ya kuulizwa inatafuta wapi, ukiiuliza ya kwenye terminali itakujibu mambo yake.

binti_newala
Kaka ubarikiwe, flask imepita!! Kweli njia zilikuwa mbili tofauti. Ikaja `No module named 'dotenv'`, hiyo nimeimaliza mwenyewe, kumbe kwenye pip jina lake ni python-dotenv. Ila sasa nimekwama hapa:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'koroshoapp.wakulima'
```

Na faili lipo jamani, `koroshoapp/wakulima.py`, kwenye laptopu linaimpotiwa vizuri na `__init__.py` ipo.

mikindani_kodi
Hapo ni herufi kubwa na ndogo. Windows haijali, Linux inajali. Angalia kwenye seva limeandikwaje.

fundi_nachingwea
@mikindani_kodi uko jirani kabisa na jibu ila kuna kitu cha kuongezea. Windows haijali kweli, lakini Python yenyewe inajali hata ikiwa juu ya Windows, ukiwa na Wakulima.py halafu ukaandika import wakulima itakataa hukohuko kwenye laptopu. Kwa hiyo kama kwa dada inakubali, faili lake la laptopu liko sawa. Mimi nashuku git, ile programu inayotunza mabadiliko ya mafaili na uliyotumia kuyapeleka seva. Dada, hilo faili liliwahi kuanza na herufi kubwa? Piga `git ls-files koroshoapp` kwenye laptopu utuwekee hapa.

binti_newala
```
koroshoapp/Wakulima.py
koroshoapp/__init__.py
koroshoapp/malipo.py
koroshoapp/mizani.py
```
Eh! Jina nililibadilisha zamani, kwenye folda linaonekana wakulima.py kabisa.

fundi_nachingwea
Ndo hapo. Git kwenye Windows inakuja na `core.ignorecase` ikiwa true, ukibadilisha ukubwa wa herufi tu inaona hakuna kilichobadilika, inabaki na jina la zamani na ndo hilo linaloshuka kwenye seva. Fanya hivi:

```
git rm --cached koroshoapp/Wakulima.py
git add koroshoapp/wakulima.py
```

Komiti, pushi, nenda seva uipull. Hiyo --cached inatoa jina kwenye kumbukumbu ya git tu, faili lako haliguswi.

mtu_wa_ruangwa
Samahanini naingilia, mimi yangu ni `cannot import name 'db' from partially initialized module 'app'`, nayo ni mambo ya venv?

binti_newala
IMEKUBALI wakuu!! Nimefungua kwa simu nikaingiza kilo 84 daraja la kwanza za majaribio, risiti imetoka. Kesho nampelekea karani aichezee kidogo, najua atakuwa na maswali yake. Asanteni sana, na kaka wa Nachingwea Mungu akuzidishie.

fundi_nachingwea
Hongera sana dada, wakulima wanakihitaji sana hicho kitu. Ila kabla hujalala piga `python -m pip freeze > requirements.txt` ukiwa ndani ya venv ya seva, inaandika orodha ya paketi zote, uikomiti, ili siku ukihama seva usianze kubahatisha paketi moja moja.

@mtu_wa_ruangwa yako ni nyingine, ni mzunguko. app.py inaimpoti models.py, na models.py nayo inarudi kuomba db (kiunganishi cha hifadhidata) kwa app.py ambayo haijamaliza kusomwa, hiyo ndo maana ya partially initialized. Itoe `db = SQLAlchemy()` iweke kwenye faili lake peke yake, liite hata hifadhi.py, wote wawili waichukue hapo, halafu kwenye app.py uandike `db.init_app(app)`. Ukikwama tuma hizo import za juu za mafaili yote mawili.