Namba kumi wetu: leo anang'ara, wiki ijayo hayumo. Tumvumilie au tumkalishe benchi?

Fundi_Wete

Assalaam alaykum wapenzi wa mpira.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Mie ni mjumbe wa kamati ya timu yetu ya mtaa hapa Wete. Kazi yangu cherehani, na jezi za timu nashona mie. Ile namba kumi ya mgongoni nimeipitisha uzi mara mbili kwa sababu nilijua anayeivaa atavutwa na kila beki wa Pemba hii.

Kijana ana miaka 20, kiungo mchezeshaji. Jina simtaji, ni mtoto wa watu. Lakini kipaji alichopewa na Mungu, wallahi sijaona hapa kwetu kwa miaka mingi. Kuna mechi tulicheza na wageni, akaletewa mpira ameligeuzia goli mgongo na beki kamganda. Hakuugusa. Aliuachia upite baina ya miguu yake, akageukia upande wa pili, kisha kwa nje ya mguu wa kushoto akaupenyeza katikati ya mabeki wawili. Winga wetu hakupunguza hata mwendo, aliukuta mpira unamngoja. Wazee waliokuwa wamekaa juu ya baiskeli zao waliteremka wote. Siku ile peke yake kafunga mawili na katoa pasi ya la tatu.

Wiki iliyofuata mtu huyo huyo, uwanja huo huo, humtambui. Na Jumapili hii ndiyo imenimaliza. Dakika ya 12 kapewa pasi ya hatua tatu, mpira ukapita chini ya soli ukatoka nje, na yeye kasimama anautazama. Kona zote tatu alizopiga hazikufika hata usawa wa mtu. Kipindi cha pili nimemwona ameinama kashika magoti na mpira unachezwa mbele yake. Tumefungwa 3-0.

Nilimwita mvivu mbele ya watu. Nilisema kwa sauti, na hakujibu kitu. Alivua viatu, akavifunga kamba, akaenda zake.

Sasa kamati imegawika. Wako wanaotaka akae benchi mpaka ajifunze, wako wanaosema timu bila yeye haina kichwa. Mie mwenyewe nampenda yule kijana na ndiyo maana nakasirika. Nipeni rai zenu, hasa mliowahi kufundisha au kucheza.

Mashetani_Wekundu_Mkoani

Waalaykum salaam fundi. Sisi wa Manchester United haya tumeyaishi, tena kwa Paul Pogba, kiungo aliyenunuliwa paundi milioni 89. Aprili 7, 2018 watani wetu Manchester City wako mbele 2-0 mapumziko, wakishinda wanatawazwa mabingwa mbele yetu. Pogba akafunga mawili ndani ya dakika mbili tatu, Smalling akamaliza, 3-2. Nilikimbia barabarani bila viatu. Siku nane baadaye, Aprili 15, tumefungwa 1-0 nyumbani na West Brom waliokuwa mkiani kabisa, na Pogba katolewa mapema kipindi cha pili. City wakapata ubingwa siku hiyo hiyo. Halafu Julai mtu yule yule kafunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na Ufaransa imeipiga Croatia 4-2.

Naamini mchezaji wa aina hii hubadilika kwa waliomzunguka. Ufaransa alikuwa na kiungo mkabaji Kanté pembeni anayemfagilia. Mpeni kijana wenu mkabaji mmoja asiyechoka, mtamwona.

Mwalimu_Mstaafu_Unguja

Fundi, mie nimefundisha vijana Unguja miaka kumi na kitu, na nitasema lisilopendwa. Mkalisheni benchi. Usimkalishe kwa kumkomoa, lakini akae.

Kijana wa kisiwani akitaka kutoka, kinachomtoa ni kucheza vizuri Jumapili na Jumapili. Tazama Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la CECAFA la Disemba 2017. Waliitoa Uganda 2-1 nusu fainali, fainali wakaenda 2-2 na Kenya pale Machakos, penalti ndizo zilizotunyima kombe. Feisal Salum alikuwemo, kijana wa klabu ya JKU ya hapa Unguja wakati huo. Mwaka uliofuata yuko Yanga, na 2023 akahamia Azam. Hakuchukuliwa kwa chenga moja. Mtu anayekuja kutafuta mchezaji akikuta siku mbaya hageuzi boti kurudi kumtazama tena.

Kipaji nimekizika sana katika kazi yangu. Vijana walionizidi mie kila kitu leo wamekaa barazani wanahadithia goli moja.

Mama_wa_Kiungo

Samahanini kaka zangu, mie mpira naujua kwa mwanangu tu. Kashika magoti kipindi cha pili. Kuna aliyemuuliza kama kala siku ile? Kalala saa ngapi? Wangu akicheza na tumbo tupu huwa hivyo hivyo, miguu haimsikii.

Baharia_Tumbe

Dada hapo juu kagusa penyewe. Fundi, nijibu mambo mawili kabla hamjamkalisha mtu benchi. Kwanza, kijana huyu anafanya kazi gani? Pili, hizo mechi nzuri na mbaya zilikuwa mwezi ngapi? Sikuulizi tarehe za kalenda ya kizungu. Mwezi wa mbinguni, siku ya ngapi tangu uandame.

Fundi_Wete

Anakwenda baharini, chombo cha dagaa. Lakini ndugu yangu, hapa Wete nani haendi baharini? Golikipa wetu naye anavua, na hana siku mbovu hata moja.

Tarehe ninazo. Nina daftari la vipimo vya nguo, na kurasa za nyuma naandika mechi. Ngoja nikalinganishe na kalenda iliyopo msikitini.

Baharia_Tumbe

Golikipa wenu anavua nini? Kama ni mshipi au madema, huyo hutoka alfajiri na usiku kalala kwake. Dagaa ni kazi nyingine. Dagaa ni giza na taa. Mnatoka magharibi, mnawasha taa, mnangoja wakusanyike, mnazungusha nyavu, mnavuta. Mkikosa mnahamia pengine mnaanza upya. Mnarudi pwani alfajiri, halafu mnashusha ndoo. Kulala hakuna. Kuanzia mwezi 12 hivi mpaka 18 vyombo vya dagaa vinapumzika, maana mwezi unawaka usiku kucha na dagaa hawaifuati taa. Siku hizo ndizo baharia wa dagaa analala kama watu.

Nenda katazame kalenda.

Fundi_Wete

Nimetoka msikitini sasa hivi. Naandika mikono inanitetemeka.

Mfunguo Nne (Muharram), mwezi 8: mbovu. Mwezi 15: ile ya mabao mawili niliyowahadithia. Mwezi 22: mbovu, tulimtoa mapumziko. Mfunguo Tano (Safar), mwezi 7: mbovu. Mwezi 14: kacheza mpaka wapinzani wamempa mkono. Mwezi 21: hakuonekana. Na hii ya Jumapili, 3-0, ilikuwa mwezi 28.

Moja tu haikubali. Mfunguo Nne mwezi 28, Jumamosi, tulipewa mechi uwanja wa Gombani, kule Chake Chake. Giza totoro usiku ule, na kijana kacheza kama simba. Pale pale Gombani ambapo Januari 13, 2025 Heroes waliipiga Burkina Faso 2-1 wakachukua Kombe la Mapinduzi, na mie nilikuwepo, nimerudi Wete na gari ya 606 nimening'inia mlangoni. Nilidhani ni uwanja ule ndio uliompa moyo.

Baharia_Tumbe

Mwisho wa Mfunguo Nne? Nakumbuka vizuri, maana na mie nilikaa pwani. Kusi ilivuma siku tatu mfululizo na vyombo vyote vilipandishwa juu. Hakuna aliyetoka. Kijana wenu alilala siku tatu, fundi.

Mwalimu_Mstaafu_Unguja

Nimesoma yote haya. Nimevuliwa kofia. Katika miaka yangu yote niliwauliza vijana walikula nini na walikimbia kilomita ngapi, na sikumuuliza hata mmoja usiku uliopita alikuwa wapi. Nnao wawili nawakumbuka kwa majina, mmoja wa Mkokotoni, nilimtoa kikosini kwa neno lile lile ulilolitumia wewe.

Naondoa rai yangu ya benchi. Ila nabaki na moja: kijana mwenyewe kwa nini hakusema? Mzungumze naye hilo, kwa upole.

Mashetani_Wekundu_Mkoani

Subhanallah. Basi suala ni nahodha wa chombo. Mwombeni amwachie usiku wa kuamkia mechi. Mgao wake wa usiku ule kamati iuchange, hata sisi wa Mkoani tutatia mkono.

Baharia_Tumbe

Hilo la mgao zingatieni sana. Msimwambie tu apumzike. Usiku asiotoka hana sehemu, na nyumbani kuna wanaoingoja sehemu ile. Tena nendeni kwa nahodha kwa adabu, mtu mzima aende, na mwende saa ya kuanika, siyo saa ya kushusha. Saa ya kushusha hamtosikilizwa. Na kwa mechi zenu za baadaye, anayepanga ratiba mwombeni zile kubwa ziangukie mwezi mpevu. Zamani ngalawa zilishindanishwa kwa kutazama maji na upepo, mpira nao unaweza kutazama mwezi.

Fundi_Wete

Jamani nimerudi. Leo asubuhi nimekwenda bandarini.

Nilimkuta kwenye vichanja anageuza dagaa waliokwisha chemshwa, yeye na vijana wengine wanne. Macho mekundu. Nimemshika mkono kumsalimia nikahisi kiganja chake: kamba imemkata mistari miwili kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye gumba, na chumvi imo ndani. Mie ni fundi, najua jeraha la uzi lilivyo, na hili la kamba ni zaidi. Mkono huo huo ndio hurusha mipira yetu ya pembeni.

Nimemwomba radhi. Nimemwomba mbele ya wale wenziwe wanne, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Akacheka kidogo akasema, "Ammi, yamekwisha." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kanambia alimwambia mwalimu wetu msimu uliopita, akajibiwa kwamba kila mtu ana kazi. Baada ya hapo akaona aibu kurudia. Baba yake hayupo, na wadogo zake watatu wako skuli.

Nahodha ni mzee mkali lakini muungwana. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema mechi ya Jumamosi itaangukia mwezi 5, mwezi unazama mapema na wao watatoka. Usiku wa Ijumaa atamwachia, na sehemu yake ataitoa nusu yeye mwenyewe, nusu iliyobaki tuilete sisi. Sikutegemea. Kamati tumekutana dukani kwangu baada ya adhuhuri na pesa ishapatikana, na kwa ndugu wa Mkoani tunashukuru, mchango wenu tuwekeeni wa mechi inayofuata.

Jezi yake nimeichukua. Namba imeanza kuachia upande mmoja, nairudia usiku huu.

Mechi Jumamosi, saa kumi jioni. Ntaandika.