Nimekulia ziwani, naenda kuzamia matumbawe Mafia: nijiandae vipi?

Kijana wa Katonga:
Wakuu, habari za usiku. Nipo Kigoma mjini, nimekulia Katonga, maji nimeyazoea tangu sijang'oa meno ya utoto. Shemeji yangu yupo Kilindoni, kisiwani Mafia, na amenialika mwezi wa kumi na moja nikazamie kwa mtungi Ghuba ya Chole. Anasema tutakapoanzia hapafiki mita 8, matumbawe unayaona ukiwa juu ya mashua. Bahari nimeiona mara moja tu maishani, nikivuka Kigamboni.

Utotoni mchezo wetu ulikuwa kutupa kisahani cheupe kwenye mawe, halafu mnakifuata. Mimi nilikuwa nakaa chini mpaka wenzangu wanaanza kuniita kwa hofu. Je, kifua hiki kitanisaidia huko? La pili, nasikia mtungi wa oksijeni huisha haraka kwa mgeni. Nikiwa nabana pumzi kidogo kidogo, si nitakaa muda mrefu? La tatu, kuna nini cha baharini ambacho ziwa halikunifundisha?

Mzamiaji wa Bangwe:
Mdogo wangu, mimi ni jirani yako wa Bangwe. Nimeongoza wazamiaji Chole miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani kuwaangalia wazazi. Swali lako la pili ndilo limenizuia kulala, nalianza hilo.

USIBANE PUMZI. Hicho kifua unachojivunia ndicho ninachokiogopa. Ukipiga mbizi ya kawaida unashuka na hewa uliyoivuta juu. Inabanwa ukishuka, ukipanda inarudi ilivyokuwa, haizidi. Ya mtungi siyo hiyo. Mita 10 chini ya bahari mgandamizo ni mara mbili ya huku juu, na kipumulio kinakupa hewa iliyobanwa kiasi hichohicho. Pumzi moja ya kule ni pumzi mbili za huku. Ukiifungia kifuani ukapanda nayo, inatanuka, na njia yake ya kutokea ni koo ambalo umelifunga. Mapafu yanachanika.

Wala usitulizwe na hizo mita 8. Karibu na uso wa maji ndipo hewa inapotanuka kwa kasi zaidi. Mtu aliyejaza kifua akakifunga anaweza kuumia kwa kupanda mita moja na nusu tu.

Mwalimu wangu alinionyesha kwa chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimekazwa juu kabisa. Tulipokuwa tunashuka nayo ilianza kubonyea, na mita 10 ilikuwa imekunjamana, pande mbili zimegusana. Akaifungua, akaijaza hewa kutoka kwenye kipumulio cha akiba, akaikaza tena, tukapanda polepole. Mita 5 ilikuwa ngumu kama jiwe. Karibu na juu alilegeza kifuniko kidogo tu, hewa ikatoka kwa mluzi. Nilielewa pale pale kuliko maelezo yote ya darasani.

Na bado niliteleza. Siku ya tatu, mita 4, miwani yangu ilijaa maji, chumvi ikaniingia puani. Mwili ukafanya ulichojifunza Bangwe: mdomo ukafungwa, miguu ikapiga kwenda juu. Sikuamua. Mwalimu alinidaka mkanda wa jaketi, akanibonyeza tumboni mpaka viputo vikanitoka mdomoni. Alinishika hivyo hivyo, tukitazamana, mpaka nikavuta na kutoa pumzi kama mara kumi. Ndiyo maana nasema mtoto wa ziwa ana kazi kubwa kuliko mtu aliyetoka Dodoma asiyejua kuogelea mbizi. Yule hana cha kusahau.

Mtungi si wa oksijeni, ni hewa hii hii imeshindiliwa. Utadumu ukipumua taratibu, ndani kwa kina, nje kwa kirefu zaidi, bila kukatisha. Anayebana hujaza kaboni dioksidi mwilini, baadaye anahema na kumaliza mtungi mapema. Masikio yazibue tangu mita ya kwanza, bana pua upulize polepole, usisubiri maumivu. Ukiwa na mafua, siku hiyo usishuke kabisa.

Kuhusu bahari: maji ya chumvi yanakubeba, hivyo utaongezewa vyuma vya risasi vya uzito mkandani, pengine kilo mbili au zaidi kuliko ungehitaji huku. Kikubwa ni maji kujaa na kupwa. Ziwa letu halina kitu hicho. Chole siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo yanapita kwenye mlango wa Kinasi kama mto. Huzamii saa unayotaka wewe, unazamia saa ambayo maji yametulia. Sisi huku mwezi tunauhesabia dagaa, kwamba ukiwa mpevu karabai hazina kazi. Kule mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua. Muulize nahodha kama ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, kabla hujavaa chochote.

Binti Ujiji:
Kaka, naongeza moja. Huku tumezoea kushika mawe na kuyakanyaga, jiwe haliumii. Tumbawe ni mnyama. Yale ya matawi hukua sentimita chache kwa mwaka, kama kumi yakistawi sana, yale ya mviringo kama sentimita moja. Goti lako moja linavunja miaka. Mwaka 1998 maji yalipopata joto matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, hata ya Mafia, na yaliyopo ni yaliyonusurika na yaliyoota upya. Nilipokwenda niliona kipande kilichovunjika kikiwa cheupe kama mfupa, kikiwa bado na alama ya mpira wa kiatu cha mzamiaji. Kunja mikono kifuani, uwe mlalo. Na likikuchubua, kidonda hakiponi upesi.

Kijana wa Katonga:
Kaka wa Bangwe, asante sana, na dada pia. Kweli nilidhani kifua ndiyo mtaji wangu. Nimepanga kurudi kwa ndege siku inayofuata, ina shida?

Mzamiaji wa Bangwe:
Ukizamia mara nyingi subiri angalau muda wa saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi wageni wangu niliwaambia siku nzima. Naitrojeni, gesi iliyo nyingi kwenye hewa ya mtungi, ikishaingia mwilini inahitaji muda wa kutoka. Siku ya mwisho tembea kisiwa cha Chole kwa miguu, au mwombe shemeji akupeleke upande wa Kilindoni kutafuta papa potwe, yule papa mkubwa mpole, msimu wao utakuwa umeanza. Unaogelea juu tu, hakuna mtungi.

Jambo la kufanya kuanzia kesho: ukienda kuoga ziwani, jizoeze kupanda huku ukisema "aaa" mpaka kichwa kitoke. Mara ishirini kila siku.

Kijana wa Katonga:
Nimetoka Katonga sasa hivi. Nimefanya mara kumi na tano. Mara sita za kwanza mdomo ulijifunga wenyewe nikiwa karibu kufika juu. Kesho narudi.