Nina masaa 14 Addis kabla ya ndege ya Guangzhou, mtu anapitishaje muda wote huo?

MamaG_Kiboriloni
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu wa ndege. Mwezi ujao natoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, kwenda Guangzhou kule China kuchukua mzigo, napitia Addis Ababa, sasa nimekuja kuisoma tiketi vizuri nyumbani ndo naona nafika Addis asubuhi na ndege ya China inaondoka usiku wa manane, yani masaa 14 nimekaa tu. Ndege ya nje sijawahi kupanda, mbali kabisa niliyofika ni Kampala tena kwa basi. Nipo peke yangu. Mtu anafanya nini masaa yote hayo? Kuna sehemu ya kukaa yenye watu muda wote? Na chakula je? Naombeni msinicheke, usingizi sipati vizuri nikiiwaza hiyo siku.

Mzee wa Themi
Mdogo wangu wala usiogope, masaa 14 Addis wenzio wanayatafuta. Toka nje uione miji ya watu. Nenda Makumbusho ya Taifa kamwone Lucy, wenyewe wanamwita Dinknesh, mifupa iliyochimbuliwa Hadar mwaka 1974, ina miaka kama milioni 3.2. Toka hapo nenda kanisa kuu la Utatu Mtakatifu, ndo alikozikwa Haile Selassie. Na pale makao makuu ya Umoja wa Afrika yuko Mwalimu wetu Nyerere amesimama, sanamu yake ilizinduliwa Februari 2024 nje ya jengo la Amani na Usalama lenye jina lake. Mtanzania yeyote anayepita Addis huwa namwambia hilo.
Halafu jambo la muhimu, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi Waswahili, mchana unaanzia saa moja. Ukimuuliza mtu anakwambia saa sita, ndo saa sita yetu hii hii. Ila tiketi inafuata saa za kizungu, kwa hiyo usichanganye, soma 23:50 kama ilivyo, hiyo ni saa sita kasoro usiku.

Sakina77
Mi nilipitia Doha, aisee ule uwanja wa Hamad ni mji. Kuna lidubu la manjano likubwa limekaa katikati na taa kichwani kila mtu anapiga nalo picha, halafu wamepanda msitu humo humo ndani wanauita The Orchard, unakaa chini ya miti unasahau kama uko jangwani. Kuna vyumba vya kimya vya kulala. Nilitembea mpaka miguu ikavimba. Kama tiketi yako inabadilishika badilisha upitie Doha.

MamaG_Kiboriloni
Dada Sakina asante ila tiketi imeshalipwa na haibadiliki, ndo maana ilikuwa rahisi. Mzee wa Themi shikamoo, nashukuru sana, ila nje sitoki. Nataka mambo ya ndani ya uwanja tu.

Meku_Machame
Mwanamke anaacha familia anaenda China peke yake halafu anauliza atapitishaje muda. Muda unapita kwa sala. Beba rozari.

dada wa Soweto
Meku na wewe umeulizwa ushauri wa ndege au wa ndoa?
MamaG, tuliza moyo. Shirika lile la Ethiopia linatoa hoteli bure na chakula kwa abiria anayesubiri kuanzia masaa 8 mpaka 24, ila iwe tiketi moja na isiwe ulijichagulia mwenyewe kusubiri muda mrefu wakati kulikuwa na ndege ya kuunganisha mapema. Muulize aliyekukatia tiketi akwambie kabisa unayo haki hiyo au huna. Ukipewa unaoga, unalala, jioni basi linakurudisha. Na beba sweta la maana, Addis iko juu mita zaidi ya 2,300, sisi Moshi hatufiki hata 1,000. Wengi wanaondoka hapa na kanga ya mabegani wakijua ni Afrika hii hii, usiku wanatetemeka.

MamaG_Kiboriloni
Nilimuuliza, akasema hoteli naweza kupata. Lakini hoteli pia sitaki maana mpaka utoke upite uhamiaji halafu urudi ukaguliwe tena. Mi nauliza hivi, ukibaki ndani bila kutoka, wanakukagua tena mwili mzima au ile ya KIA inatosha? Na chooni mtu unaingiaje na begi kama huna wa kumwachia? Na ukisinzia kwenye kiti kuna walinzi?

Unga_Ltd_Original
Haya sasa. Hoteli ya bure hataki, mji hataki, anataka kujua atakaguliwa mara ngapi. Dada umebeba nini?

Sakina77
😂😂 Atakuwa kabeba ndizi na maharage ya Kichagga

NjoroBoy
Nimevuta kiti, niko na kashata zangu

dada wa Soweto
Siyo utani jamani. MamaG, ukibadilisha ndege Addis unapita tena kwenye mashine, viatu na mkanda chini, begi kwenye skana, na wakitaka kukupapasa mwanamke mwenzio anakupapasa. Kama kuna kitu sema, hakuna anayekujua humu. Dawa? Mgonjwa? Mimba?

MamaG_Kiboriloni
Hakuna cha ajabu. Ni mambo ya biashara tu.

Mzee wa Themi
Marahaba mdogo wangu. Biashara ndo nini? Tunaweza kukushauri vibaya bila kujua.

MamaG_Kiboriloni
Basi nasema. Nimebeba hela taslimu. Siyo zangu peke yangu, ni za kikundi chetu cha akina mama hapa sokoni, ni dola 11,000 na ushee. Tumechanga muda mrefu, mitumba imekuwa ngumu, robota unanunua bei ya juu ukifungua unakuta nusu haiuziki, ndo tukakubaliana tuhamie mapazia na mashuka mapya, na wenzangu wakanichagua mimi niende. Nimeshashonewa mfuko ndani ya sketi, fundi kafanya kazi nzuri huwezi kujua. Ndo maana sitaki kutoka, sitaki hoteli, sitaki kulala. Nataka kujua mtu anakaaje macho masaa 14 na akili ikiwa sawa, basi.
Na kabla hamjaniambia benki, tumeshaongea hayo. Makato ni mengi, na kuna mwenzetu alishawahi kumtumia muuzaji wa huko hela kwa benki bila kumwona, mzigo ukaja vipande vya mita mbili mbili ambavyo hata dirisha la choo havifuniki. Tukasema safari hii hela inaenda na mtu, mtu anashika kitambaa kwa mkono wake ndo analipa. Hapo sijaona kosa letu.

Meku_Machame
Nilijua. Hela ya watu kumi kwenye sketi ya mtu mmoja. Kwetu kulikuwa na chama cha mazishi, mweka hazina akasema anapeleka hela benki, leo yuko Tunduma ana lodge. Mtu mwema anaharibiwa na mzigo anaobebeshwa peke yake.

Unga_Ltd_Original
Mimi mwaka ule nilileta vipuri vya bodaboda, aisee kontena lilikaa bandarini mpaka nikakonda, kila siku karatasi mpya, kila siku njoo kesho. Mkishamaliza huko kununua hapo ndo mjue safari inaanza. Mtafute wakala wa kutoa mizigo kabla hujapanda ndege, na usafirishe kwa kuchangia kontena na wengine, unalipia kwa ujazo wako tu.

dada wa Soweto
Unga Ltd hilo la kontena ni zuri ila subiri kwanza, kuna moto hapa.
MamaG nisikilize vizuri, nafanya hii njia. Kutoka na hela nje ya Tanzania siyo kosa. Kosa ni kutosema. Ukiwa na dola 10,000 au zaidi lazima ujaze fomu forodhani hapo KIA kabla ya kuondoka, ni bure, hawakukati kodi, unaonyesha vielelezo vya hela ilikotoka unaondoka na nakala. China nao ukiingia na zaidi ya dola 5,000 unatakiwa useme forodhani kwao, usipite ule mlango wa wasio na kitu cha kutangaza. Sasa wewe umeshona kwenye sketi. Mashine ya KIA au ya Addis ikiona bunda kwenye paja la mtu hawaoni mama mfanyabiashara, wanaona mtu anayeficha. Utavuliwa chumbani, utahesabiwa, na kama huna karatasi hiyo hela inashikiliwa, hapo ndo utajua masaa 14 ni machache.

MamaG_Kiboriloni
Lakini nikijaza fomu si ndo nawatangazia watu kwamba nina hela? Karatasi ile inapita mikononi mwa nani? KIA ni nyumbani, watu wanajuana. Mi naona bora nisionekane kabisa.

KijengeJuu
Hii ni chai jamani, tena ya rangi haina hata tangawizi. Mmekaa mnajaza ushauri. Angalieni: hajawahi kupanda ndege ya nje, lakini anajua tofauti ya kukaguliwa ukitoka na ukibaki ndani. Ana dola 11,000 za siri, kaja kuziandika mtandaoni pamoja na soko analofanyia kazi. Kiboriloni ni soko la mitumba, mitumba haitoki Guangzhou. Na mimi nimepita Addis kwenda huko huko, nilisubiri masaa machache tu, hiyo 14 kaitoa wapi? Subirini atokee wakala wa "kutuma hela China kwa usalama" na namba yake ya simu.

NjoroBoy
Eeeh, hii ya mwisho ina ukweli, nyuzi za namna hii huwa zinaishia kwenye namba ya simu

Sakina77
Mi nilishangaa pale aliposema fundi kafanya kazi nzuri, nani anasifia sketi ya siri mtandaoni

MamaG_Kiboriloni
Naumia sana kusoma haya. Hayo ya kukaguliwa kaniambia dada aliyenikatia tiketi, ndo yaliyoanza kuniogopesha. Mitumba siyo ya Guangzhou najua, nimeshasema tunahama kwenye mitumba, rudia kusoma. Na masaa 14 ni kwa sababu tulichukua tiketi ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo, hela ya kikundi haichezewi. Mkitaka napiga picha tiketi naweka hapa.

dada wa Soweto
USIWEKE TIKETI. Ile namba ya tiketi na jina lako, mtu anaingia anabadilisha safari yako au anaifuta akiwa amekaa kwake Majengo. Usiweke kitu, na ile tarehe usiitaje. Kijenge akiona ni chai anywe, yuko mwingine anasoma hapa ana safari kama hii na hajui fomu ya KIA.

KijengeJuu
Sijakataa fomu. Nimesema hadithi.

Mzee wa Themi
Kijana wa Kijenge, hata ikiwa hadithi, jibu lake ni la kweli. Niongeze kidogo, nina mtoto wangu anafanya biashara kule. Huko mambo ya noti yamepungua sana, watu wanalipana kwa simu, Alipay na WeChat, na siku hizi mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa humo. Kuna benki zetu pia zinatoa kadi ya UnionPay. Dola zako itabidi ukazibadilishe benki na paspoti, zile za noti. Muuzaji wa jumla kwa kawaida anataka asilimia 30 mwanzo, iliyobaki ukishakagua mzigo kabla haujapakiwa. Kwa hiyo fanya hivi: nenda na kiasi cha kula, kulala na malipo ya mwanzo. Ushike kitambaa, upime mita, uridhike, ndo kikundi kitume iliyobaki kutoka benki ya Moshi kwa akaunti ya kampuni yenyewe, siyo ya mtu binafsi. Hapo mtu kashika kitambaa kwa mkono kama mlivyotaka, na hela haijalala kwenye sketi.
Na kitu kingine, Google na WhatsApp kule zimefungwa. Panga WeChat na wenzako kabla hujaondoka.

Unga_Ltd_Original
Hiyo ya Mzee nimeipenda. Na makato ya benki mkituma mara moja hela nyingi siyo kama mkituma vipande vipande.

MamaG_Kiboriloni
Nimesoma yote nikaenda kumwona mweka hazina na katibu, tumekaa mpaka giza. Tumekubaliana nibebe dola 4,000 tu, nyingine zibaki kwenye akaunti ya kikundi na sahihi ni za watu watatu. Mmoja wetu alikataa kabisa mwanzoni, anasema benki itakula faida, tukampigia hesabu akanyamaza ingawa uso haujafunguka. Mfuko wa sketi siufumui, ila nitaweka hela ya dharura tu na nyingine kwenye pochi ya shingoni ninayoweza kuivua mwenyewe wakiniambia. Hoteli sasa nimeikubali kama wataipata kwenye mfumo wao. Nje ya hapo sizunguki, Mzee wangu unisamehe.

dada wa Soweto
Sawa kabisa. Kwa dola 4,000 hata fomu hulazimiki, ila beba risiti ya benki ulikonunulia hizo dola. Wakikukosesha hoteli kaa karibu na geti lako, siyo kona yenye giza eti upate utulivu. Lala mchana kukiwa na watu, kamba ya begi izungushe kwenye mguu, usiku ukae macho. Chooni ingia na begi dogo, kubwa litakuwa limeshatumwa moja kwa moja mpaka Guangzhou, ila hakikisha KIA kwamba lebo yake imeandikwa CAN, ndo alama ya uwanja wa kule, isiishie ADD, yani Addis. Pawabanki ibaki kwenye begi la mkononi, kwenye begi la chini hawaruhusu. Na weka kengele ya simu masaa mawili kabla ya ndege, mageti yanabadilika.

KijengeJuu
Kama kweli unaenda, mapazia ya kitambaa kizito kile cha kuzuia mwanga mtauza mita bei gani? Nina nyumba ya wageni huku Njiro.

MamaG_Kiboriloni
Nikishajua bei ya huko nitakujibu hapa hapa. Namba ya simu sitoi.