Naomba ushauri: chaja za vigari vya gofu vya umeme na chumba cha kuchajia (Arusha)

Wakuu, habari zenu. Nasimamia karakana ya hoteli moja upande wa Usa River. Bosi ameagiza vigari vya gofu vilivyotumika kutoka Marekani, vya kubebea wageni na mizigo yao. Betri ni za maji, jumla volti 48.

Kinachoninyima usingizi ni chaja. Kwenye picha lebo zinasema volti 120, hezi 60 (yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati umeme wetu ni 230 na hezi 50. Fundi anasema transfoma ya kushusha inatosha. Mimi sikubali: transfoma inashusha volti tu, hezi zinabaki 50, na hizi ni zile chaja nzito za kizamani zinazotegemea hezi ili zichaji sawasawa. Kuna aliyewahi kuzitumia hapa nchini? Au nimwambie bosi anunue mpya za 230?

Halafu chumba. Nimepewa stoo isiyo na dirisha, jirani na jiko la gesi! Betri za maji zikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inalipua. Nataka matundu juu kabisa ukutani, maana gesi hiyo hupanda. Naambiwa gharama. Vijana wa zamu ya usiku ndio watakaokuwa humo, na wana familia.

Waliopitia ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), wanadai nini hasa kwenye chumba kama hiki? Na TBS (shirika la viwango), chaja zilizotumika zinapita? Kontena bado liko njiani.