Kuchana vitabu vya anatomia ili kutundika kurasa ukutani: ni sawa?

Kibamba: Wakuu, wauzaji wananunua vitabu vya anatomia vya kale, wanavichana, kila ukurasa unaingia kwenye fremu yake. Mfano ni kitabu cha mifupa na misuli cha mwanaanatomia Albinus, cha 1747. Kila mchoro mkubwa wa mwili mzima wenye vivuli una mwenzake wa mistari mitupu wenye herufi za kuonyesha msuli upi ni upi. Wanauza wenye vivuli, wa herufi unabaki yatima. Hii ni biashara au uharibifu? Hata nakshi za shaba za kitabu cha mwanaanatomia Vesalius cha 1543 zimeishia juu ya makochi, zimebandikwa kwa selotepu.

Wino_Mkavu: Shaba? Vesalius alichapwa kwa mbao zilizochongwa, mkuu! Kwenye mbao wino hukaa sehemu zilizoachwa juu. Bamba la shaba hushika wino ndani ya michirizo, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa kwa nguvu mpaka ukingo wa bamba unaacha mbonyeo. Papasa pembeni utausikia, labda kama ukingo umekatwa. Asiyejua hilo anatutolea fatwa?

Kibamba: Sawa, mbao. Swali langu ni kuchana.

Mama_Karatasi: Anayetaja selotepu kwa mzaha hajaona kazi yake. Gundi huzama kwenye nyuzi, inageuka kahawia, kisha plastiki inabanduka na doa linabaki. Tumia bawaba 2 (vipande vidogo vya kuning'inizia) za karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ukingo wa juu tu. Ukibana pande zote 4, karatasi ikivuta unyevu haina pa kutanukia, inajikunja mawimbi. Kadi inayozunguka picha ndani ya fremu iwe ya pamba isiyo na asidi, na kioo kisiguse picha.

Tumbili: Kwa hiyo ukiua kitabu kwa gundi ya wanga umetakasika 😂

Mama_Karatasi: Nimejibu la selotepu, bwana. Soma kwanza.

Nyongo: Mnabishania gundi. Kwenye kitabu cha daktari Hunter cha 1774 kuhusu mji wa mimba mnawatazama wanawake waliokufa wajawazito. Hao pia ni mapambo ya sebuleni?

Wino_Mkavu: Hunter naye ni shaba, kwa faida ya mleta mada.

Tumbili: Ile michoro ya Albinus yenye kifaru nyuma ina rangi nzuri lakini.

Wino_Mkavu: Rangi gani? Albinus alichapwa kwa wino mweusi. Ukikuta rangi, ni mkono wa mtu wa baadaye.

Tumbili: Basi kioo cha kuzuia mionzi kitailinda hiyo ya baadaye. Natundika mkabala na dirisha.

Mama_Karatasi: Kinachuja urujuanimno (UV) tu. Mwanga wa kawaida nao unafifisha rangi, kidogo kidogo. Weka mwangaza wa luksi 50 (kipimo cha mwanga), ukuta usio wa nje, na ng'oa ule ubao wa nyuma ya fremu ya zamani: asidi yake huchora mafundo ya mti mgongoni mwa karatasi.

Wino_Mkavu: Ubao wa nyuma ndio unaothibitisha umri wa fremu. Usiung'oe.

Mama_Karatasi: Unathibitisha fremu, mkuu. Karatasi inaungua.