Hitilafu ikitokea, kwa nini Fortran, lugha ya kuandikia programu, haimsikilizi mwenye programu?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira. Hesabu ndefu iliyokuwa ikiendelea usiku kucha imekatika kwa sababu mstari mmoja wa faili ya data ulikuwa na herufi mahali palipotakiwa namba, na aliyeandika maktaba ninayoitumia hakuweka `IOSTAT=` (inayopokea namba ya hitilafu) kwenye `READ` yake, yaani kauli ya kusoma data. Kauli ya namna hiyo, ikiwa haina `IOSTAT=` wala `ERR=` (inayorukia mstari mwingine hitilafu ikitokea), ikikumbwa na hitilafu husimamisha programu nzima papo hapo. Subrutini ya kuhifadhi matokeo ya kati ninayo, lakini Fortran sanifu haina mahali popote pa kuisajili ili iitwe kabla programu haijazimwa.

Toleo la 2003 lilileta `IOMSG=`, inayopokea ujumbe wa hitilafu ya kusoma au kuandika, likaleta na `ERRMSG=` kwa ajili ya `ALLOCATE`, kauli ya kutenga kumbukumbu, nami ninavitumia vyote viwili; ila vinalinda kauli moja moja, na kauli niliyoandikiwa na mtu mwingine siwezi kuilinda kutoka nje. Hata namba ya hitilafu haiaminiki: faili ikikosekana, kompaila ya gfortran hurudisha 2, ya Intel hurudisha 29. Afadhali mwisho wa faili, ambao una jina lake sanifu, `IOSTAT_END`.

Kwenye hesabu za desimali, `IEEE_SET_HALTING_MODE` hunipa kuchagua kusimama au kuendelea, basi. Ukivuka mpaka wa safu (orodha ya thamani), hali ni mbaya zaidi: ukiwa umeweka `-fcheck=bounds`, chaguo la kukagua mipaka, kwenye gfortran programu inazimwa, na usipoiweka inaweza kuendelea kuharibu kumbukumbu kimyakimya, ikakupa majibu yasiyo sahihi ambayo utayaamini.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba jambo hili liliwezekana zamani. Fortran ya IBM ya kompyuta kubwa ilikuwa na `ERRSET`, ambayo ilimruhusu mtumiaji kupanga, kwa kila namba ya hitilafu, ni mara ngapi ivumiliwe na ni rutini ipi yake mwenyewe iitwe. Kwa nini kitu chenye manufaa kiasi hicho hakijaingizwa kwenye kiwango rasmi hadi leo?

Nanyi mnaoandika maktaba, acheni kuweka `ERROR STOP`, kauli inayozima programu nzima, ndani ya rutini za watu. Wekeni `IOSTAT=`, na `STAT=` inayofanya kazi hiyo kwenye `ALLOCATE`, kila mahali, mmrudishie namba na ujumbe yule aliyewaita, aamue mwenyewe la kufanya.